Kizibo Juu ya Kitufe

Mtaani kwetu hakuna anayemwita wifi yangu kwa jina lake. Wote wanamwita Usipepese, maana hilo ndilo neno analomwambia kila anayekaa kwenye kigoda chake kupigwa picha ya kitambulisho. Tulia. Nyanyua kidevu. Usipepese. Hata siku ya harusi yangu aliniambia hivyo hivyo, nami nikapepesa makusudi, kwa sababu wifi ni mtu wa kuonyeshwa mapema.

Yeye ni dada mkubwa wa mume wangu, na mume wangu ni mpiga tarumbeta. Picha alizompiga zimejaa ukuta mzima wa studio yake: kijana mwembamba na tarumbeta ya kuazima, kisha bwana harusi, kisha baba wa watu mwenye kitambi, mashavu yamevimba na macho yamefumbwa. Ni picha nzuri, sikatai. Ila zote ni bubu.

Kisha fizi za mume wangu zikaharibika. Daktari wa meno akasema meno yote ya mbele yatoke, na dawa zingeyashikilia mpaka mwisho wa mwezi tu. Mimi na wifi tulikuwa naye mle chumbani. Daktari, mtu mwema yule, akajaribu kumfariji.

"Mzee, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Tutakuwekea ya bandia."

"Koleo lenyewe ni huu mdomo, daktari," mume wangu akasema. "Midomo inaegemea meno. Nikiwekewa ya bandia nitapuliza, lakini anayepuliza hatakuwa mimi."

Ikabaki apige onyesho moja la mwisho na bendi yake, Jumapili ya mwisho wa mwezi, mchana, kisha Jumatatu akang'olewe.

Tuliporudi na kufika mlangoni pa studio, wifi akasema, "Nitamrekodi. Wimbo mzima, na sauti yake."

"Kwa kutumia nini?"

"Hii hii." Akaipiga kamera yake kofi dogo. Ilikuwa na uwezo wa kuchukua video tangu alipoinunua, lakini hakuwahi kuugusa.

"Si tutafute mtu wa video, wifi?"

Akanitazama kama mteja aliyepepesa. "Mdomo ule nimeupiga picha tangu una meno ya utoto. Leo nimwachie mtu baki?"

Basi akaanza kwenda kwenye mazoezi ya bendi, nami nikawa namfuata kubeba stendi, na kucheka. Nilicheka sana. Mara ya kwanza alisimama karibu na ngoma, na tulichopata ni mngurumo mtupu, kama redio iliyotumbukia kwenye ndoo. Akajifunza kurudi nyuma na kuipunguzia kamera masikio. Mara ya pili, wimbo ulipokolea, akaigeuza kamera wima, kama anavyofanya akitaka kumpiga mtu picha kichwa mpaka miguu. Tulipoiangalia kwenye kioo cha kamera, mume wangu akalala ubavu na tarumbeta yake kama mgonjwa wa wodini. Hilo nalo akajifunza.

Kilichomshinda ni kidole. Mpiga picha kazi yake ni kungoja. Anangoja, anangoja, na mambo yakiiva kidole kinashuka chenyewe, hakisubiri ruhusa. Sasa kwenye video, kitufe kinachoanzisha ndicho kinachosimamisha. Mume wangu anapanda na wimbo, mabega yananyanyuka, anaifikia ile sauti ya juu kabisa, na tak! Giza. Video inayofuata inaanza akiwa anajifuta mate.

"Dada," mume wangu akamwambia tulipoziangalia, "mbona unabakiza maganda unatupa ndizi?"

Nikaongeza utani wangu juu yake, lakini wifi akaikunja stendi na kuibeba mwenyewe. Hapo nikajua ameumia, na kicheko kikanikauka.

Mazoea yana taabu. Alijifunga kidole kwa bendeji, mkono ukawa unapigana na bendeji na picha yote ikatetemeka. Akajaribu kuukalia mkono wenyewe, ukachomoka. Siku zilikuwa zinayoyoma na yeye hana hata wimbo mmoja mzima. Siku moja nilimkuta studio akinywa soda, anaitazama kamera kwa chuki. Akaiweka chupa chini.

"Kidole hiki hakifungiki," akasema. "Basi nitakifungia mlango."

Akachukua kizibo cha ile soda. Akaanza kurekodi, akakiweka kizibo juu ya kitufe, akakibana kwa selotepu kuzunguka. Kisha akaniamuru niimbe. Sauti yangu si ya kusimulia, lakini nilipofika penye kiitikio kidole chake kilishuka, kikagonga bati, na kamera ikaendelea.

Jumapili ukumbi ulijaa. Nilishika miguu ya stendi kwa mikono miwili, maana watu walicheza mpaka sakafu ya mbao ikaruka. Mume wangu alipiga kama mtu anayemaliza vitu vyake vyote nyumbani asiache hata punje. Nilitaka kumtazama yeye, lakini macho yangu yalikuwa kwenye ile taa nyekundu ya kamera. Haikuzimika. Nilipomwinulia wifi uso, machozi yalikuwa yanamtiririka, naye hapepesi.

Jumatatu meno yakatoka.

Wiki iliyofuata tukakaa watatu studio mbele ya kompyuta, mume wangu mashavu yameingia ndani. Wimbo ulikuwa mzima, kuanzia mwanzo. Ila kila penye utamu palisikika kitu kidogo: tak.

"Nini hicho kinagonga?" mume wangu akauliza, maneno yakimteleza ufizini.

Wifi akainamisha kichwa. "Kidole changu hicho. Kinaharibu. Nitatafuta mtu anayeweza kukitoa."

Mume wangu akaweka kidole chake juu ya ukingo wa meza, akangoja. Kwenye kioo cha kompyuta alikuwa anapanda tena, mabega yakinyanyuka. Kidole chake kikashuka mezani, na papo hapo kamera ikasema tak.

"Kiache, dada," akasema, na kukinyanyua tena.

Vidole vyao havikupishana hata mara moja mpaka wimbo ulipokwisha.