Ufunguo Ndani ya Unga

Harufu ya kutu iliyolowa hunirudisha Kolwezi, mji wa migodi wa Kongo, kwenye kambi ya wafanyakazi wa mgodi, ambako baba yangu alikuwa mfungua maji. Ufunguo wake ulikuwa chuma chenye urefu wa mkono wangu. Kila asubuhi aliutumbukiza katika shimo la bomba kuu, akauzungusha mara saba, na mabomba yakakohoa kabla ya kutoa maji. Mwaka ninaoukumbuka zaidi mgodi ulikuwa unakufa na mishahara imekwama, lakini yeye hakukosa kazini hata siku moja. Ndio mwaka ambao watu wenye asili ya mkoa wa Kasai walifukuzwa majumbani mwao. Walirundikana kwenye kituo cha treni, wakingoja mabehewa ya kuwarudisha Kasai, ambayo hakuna aliyejua yangefika lini. Mbombo, niliyekaa naye dawati moja shuleni, alikuwa huko na mama yake na mdogo wake mchanga. Bomba la kituo nalo lilifunguliwa na baba.

Kilichonichanganya ni kwamba baba hakuwa mtetezi wao. Mezani, akimega bukari, ugali wetu, alisema, "Baende tu kwabo. Kazi yote balikamata." Asubuhi akachukua ufunguo kama kawaida, akaenda kuwafungulia maji.

Siku moja vijana walinizuia nikitoka sokoni. "Weye, tata yako iko napa bilulu mayi?" mmoja aliniuliza. Tata ni baba, mayi ni maji, na bilulu ni wadudu. Ndivyo walivyowaita waliofukuzwa. "Umwambie afunge. Asipofunga, tutamuvunja mikono." Mwenzake akacheka: "Muache, ataanza kulia."

Sikumwambia baba neno. Niliuzika ufunguo ndani ya gunia la unga wa muhogo.

Kesho yake baba alipekua nyumba nzima, akatazama hata juu ya dari. Kutwa nzima kambi haikupata maji, wala kituo. Jua lilipoanza kushuka mama alikwenda kuchota unga, na kikombe chake kikagonga chuma. Alinitazama mimi, si gunia. Baba hakunipiga. Alinishika mkono, tukaenda haraka mpaka kituoni.

Mbombo alikuwa ameketi juu ya sanduku, midomo imepasuka. Mtoto mchanga alilia bila machozi. Baba alinikabidhi ufunguo nizungushe mwenyewe.

"Tata, si ulisema baende?"

"Nilisema."

"Sasa juu ya nini tunabapa mayi?"

"Miye ni mufungua mayi," akajibu, kama mtu aliyeulizwa jina lake.

Maji yalipotoka, Mbombo alikuja na beseni. Aliona viganja vyangu vyeupe kwa unga. "Mutakula bukari leo?" akaniuliza. Nikaitikia kwa kichwa.

Treni ilikuja baadaye, ikamchukua. Baba hakuvunjwa mikono, na tangu siku ile hatukulizungumzia tena jambo hilo mpaka alipofariki. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, lakini mimi nilikula naye sahani moja na sikuijua yake.

Leo mimi ni muuguzi katika mtaa wa Manika, hapohapo Kolwezi. Mabomba mengi ya kambi yamekauka. Maji tunaletewa kwa madumu juu ya baiskeli. Wapo wagonjwa ambao maneno yao kuhusu watu wengine hunichukiza, na wapo ambao mimi mwenyewe nimewasema vibaya nyumbani. Wote nawafunga vidonda. Sijui kama huo ni wema au ni kazi tu, na sijui kama kwa baba vilikuwa vitu viwili. Ninachojua ni kwamba kabla ya kumgusa yeyote nanawa mikono, kisha naigeuza na kuitazama viganjani, kama bado ina unga.