Geji ya Baba na Fundi wa Ng'ambo ya Mto

Enzi zetu sisi, mtu akitaka kujua kilicho ndani ya kitu alikuwa anaweka sikio nje yake. Babu yangu, yule aliyemzaa Baba, alikuwa na mizinga ya nyuki imening'inia kwenye migunga huko nyuma ya boma, na hakuwa anafungua mzinga ovyo ovyo. Alikuwa anapanda, anaugonga kwa kidole, anausikiliza, halafu anashuka na kusema, "Bado," au, "Kesho mlete kibuyu." Sisi watoto tulikuwa tumesimama chini tunameza mate. Hakukosea hata siku moja. Ama kama alikosea hakutuambia, maana babu hakuwa mtu wa kuambia watu mambo yake.

Kila mzinga ulikuwa na alama ya ukoo wetu, imechongwa kwa kisu: mistari miwili imelala na mmoja umeikata mshazari. Ng'ombe walikuwa nayo ubavuni. Vibuyu vya Susu, yaani nyanya yetu, vilikuwa nayo shingoni. Hata jembe lilikuwa nayo kwenye mpini. Babu alikuwa amemwambia Baba tangu akiwa mdogo kwamba akipata kitu chochote akitie alama kabla jirani hajakiona, na Baba akashika neno hilo kuliko alivyoshika hesabu za shule. Mimi mwenyewe shule sikukaa sana, mwalimu na mimi hatukuelewana, lakini alama yetu ningeichora nikiwa usingizini.

Nikikumbuka siku hizo nasikia harufu ya muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, ukichemka na kunde, na vumbi la kwetu Kathonzweni baada ya mvua ya kwanza, ile mvua inayonyesha kidogo halafu inaenda kufikiria. Tulikuwa na magari yetu ya waya, tunayasukuma kwa mti mrefu wenye usukani juu, tunanguruma kwa mdomo mpaka midomo inavimba. Wajukuu wangu nikiwaambia gari letu lilitumia mate badala ya petroli wanacheka, halafu wanarudi kwa simu zao. Watoto wa siku hizi hawajui kutengeneza hata gurudumu. Wanajua kubonyeza tu.

Sasa, gari lenyewe, lile la chuma, Baba alilinunua miaka ya sabini, pikapu kuukuu ya kubebea mbuzi na magunia mpaka soko la Emali. Lilipofika kwetu saa zote za kwenye dashibodi zilikuwa zimekufa. Ya petroli ilikuwa imelala, ya mwendo imelala, ya joto la maji ilikuwa shimo tupu lenye utando wa buibui. Baba hakujali. Petroli aliipima kwa kijiti. Joto la injini alilipima kama babu na mizinga: anasimamisha gari, anaweka kiganja juu ya boneti, anainamisha kichwa anasikiliza, halafu anasema, "Bado."

Siku moja akasema bado na haikuwa bado. Pikapu ilichemsha njia ya Emali, maji yakaruka juu kama chemchemi, gasketi ikachomeka, na mbuzi wa watu wakashinda kwenye jua wakilia kama wako kwa matanga. Baba aliuza ng'ombe ndiyo injini ifufuke. Akamwambia Mwaitu, mama yetu, mbele yetu sote, "Hii ikichemsha tena, tumekwisha. Sina ng'ombe mwingine wa kutupa kwa chuma." Mwaitu alikuwa anashona kitambaa cha kutandika juu ya dashibodi, cheupe chenye maua mekundu, na aliendelea kushona.

Ndiyo wakati alikuja Fundi Kimanzi. Alitokea ng'ambo ya mto Athi, upande wa Ikutha, amebeba kisanduku cha mbao begani, akaketi sokoni kwetu chini ya paa la duka lililofungwa. Alikuwa mwembamba, mpole, na alisema anajua mambo ya waya za magari na angependa kukaa kwetu, alete na mke na watoto. Kathonzweni hakukuwa na fundi wa waya wakati huo. Lakini mtu wa ng'ambo kwetu alikuwa anaangaliwa mikono kwanza. Susu alisema, "Watu wa upande ule wanajua dawa nyingi. Akikupa mkono, hesabu vidole vyako." Na sokoni kila mtu alingoja aone Baba atasema nini, kwa sababu Baba alikuwa mzee wa kanisa na pia mwenye gari. Akimkubali, soko limemkubali. Akimkataa, hata kibanda hangepata.

Baba akampa kazi ya kuweka geji ya joto la maji. Tulienda kutazama, nani angekosa? Kwanza Kimanzi alitoa waya wa betri. Halafu akafungua dashibodi, na matumbo ya gari yakamwagika nje, nyaya za kila rangi. Baba alisimama nyuma yake kama askari wa jela.

"Weka hapa juu," Baba akasema, akigonga dashibodi katikati, penye kitambaa cha Mwaitu. "Watu waone."

"Watu gani, Mzee?"

"Wote. Pasta akikaa mbele aone. Na wa sokoni waone kwa dirisha."

Kimanzi akatikisa kichwa. "Mzee, hii ni ya macho yako peke yako. Nikiweka hapo utageuza kichwa uache barabara. Jua la jioni litaipiga, kioo chote king'ae. Na ukifunga breki kwa nguvu, pasta atakula hiyo chuma na meno yake."

Watu wakacheka. Baba hakucheka. Mimi nilimjua: alikuwa anajiuliza kwa nini mtu huyu hataki geji ionekane.

Kimanzi akaiweka nyuma ya usukani, ndani ya shimo la ile ya zamani, imezama vizuri, hakuna ncha ya kugonga goti. Nyaya akazipitisha mbali na mhimili wa usukani, na pale zilipopita kwa tundu la chuma akakata kipande cha raba kutoka patipati, yaani ndala, iliyokwisha, akakitia kwenye tundu. "Chuma ikisugua waya, waya inakwisha ngozi," akasema, "na waya bila ngozi inasema uongo." Kitambaa cha Mwaitu alikikunja upande mmoja kisifunike kioo, akampigia saluti kidogo, "Maua yako iko salama, Mama." Mwaitu alimpenda tangu hapo. Baba aliona kwamba Mwaitu amempenda, na hilo pia akaliweka moyoni.

Geji ilifanya kazi. Sindano ilikuwa inapanda polepole mpaka katikati, inakaa hapo kama mtu aliyeshiba. Sisi kwa magari yetu ya waya tukafunga vizibo vya soda nyuma ya usukani, na mwiba ndani kama sindano, tukawa tunaambiana, "Simama, unachemsha!"

Lakini Kimanzi alikuwa amesema, "Mzee, baada ya wiki rudisha nikaze skrubu. Barabara yetu ni mbaya, zinalegea." Neno hilo moja lilimkosesha Baba usingizi. Alirudia rudia akila.

"Kwa nini nirudishe? Kitu kizuri kinarudishwa cha nini?"

"Amesema skrubu," Mwaitu akajibu.

"Skrubu? Ninayo mimi bisibisi ya kukaza. Huyu anataka kufungua tena atoe hii mpya aweke nzee. Nani atajua? Zote ni nyeusi."

Basi jioni, kabla ya siku ya kurudisha, tukamwona Baba ameingia kwa gari kichwa chini, miguu yake imetokeza mlangoni, ndala moja imeanguka. Alikuwa na kisu cha babu, kile cha kuchongea mizinga. Hatukuhitaji kuuliza. Mwaitu aliuliza.

"Unatafuta nini humo?"

"Natia alama."

"Kwa gari?"

"Kwa kila kitu. Geji, betri, waya, yote. Akibadilisha hata uzi mmoja nitajua." Akatoka na vumbi kwenye nyusi, amefurahi kama mtu aliyefunga zizi.

Hapa ngoja nitoke njiani kidogo. Msimcheke Baba sana. Juzi mjukuu wangu alikuja kutoka Nairobi na gari lenye runinga mahali pa dashibodi, pana kama sinia, inaongea. Inamwambia mlango uko wazi, inamwambia gurudumu halina upepo, inamwambia ageuke kulia, na yeye anageuka! Nikamuuliza, "Nani yuko ndani?" Akasema ni kompyuta tu, Guka. Guka! Hilo ni 'babu' la Wakikuyu, na sisi si Wakikuyu, lakini ndivyo wanavyoongea huko. Nikamwambia afungue boneti niangalie maji kwa macho yangu. Hakujua boneti inafunguliwa wapi. Mtu anaendesha kitu asichojua mdomo wake uko wapi, na anaamini kioo kinachong'aa usiku kucha mbele ya uso wake. Mimi niliketi nyuma nimeshika mlango mpaka tukafika. Kwa hivyo kushuku ni mali yetu ya urithi, nami nimepata fungu langu kamili.

Turudi. Asubuhi tuliondoka kwenda sokoni, Baba na Mwaitu mbele, sisi nyuma na mbuzi. Korongo la kwanza tu, tukasikia Baba anapiga kelele. Sindano ilikuwa imeruka hadi kwenye nyekundu! Akasimamisha, akaweka kiganja juu ya boneti. Baridi. Akapanda tena, sindano ikashuka yenyewe. Shimo la pili, tena ikaruka. Hivyo hivyo mpaka sokoni, na kila ikiruka uso wa Baba unazidi kuwa mweusi.

"Unaona?" akamwambia Mwaitu. "Wiki nzima imenyamaza. Leo imejua inarudi kwa mwenyewe, inampigia simu!"

Alisimama mbele ya hoteli ya Mama Ndinda, muuza chai, akateremka na kupaza sauti kama yuko mimbarini. "Kimanzi! Njoo uone uongo wako! Umetega gari yangu ndiyo nikuje kila wiki!" Watu wakaacha mizani, wakaacha mbuzi, wakaja. Nikasikia mmoja nyuma yangu akisema, "Si nilisema? Watu wa ng'ambo." Na mwingine, "Afunge virago." Nakumbuka uso wa Kimanzi. Alikuwa tayari ameanza kusafisha kibanda alichotumaini kupewa hapo sokoni, ufagio ulikuwa mkononi.

Akasema, "Sijaigusa tangu siku ile, Mzee. Lakini wacha tupime mbele ya wote." Akamgeukia Mama Ndinda. "Mama, nipe sufuria ya maji na jiko."

"Ya chai?"

"Maji tu. Ya baridi."

Akafungua kwenye injini kile kidude cha shaba kinachopimia joto, kama kidole cha mtoto, akaziba tundu kwa kitambaa. Akakifunga waya mmoja uliotoka kwenye geji, na mwingine ulioshika mwili wa gari, akakitumbukiza ndani ya sufuria. Ufunguo ukawashwa. Akamwita Baba aketi nyuma ya usukani. "Angalia wewe mwenyewe, usisikie yangu."

Soko lote lilinyamaza kwa ajili ya maji ya Mama Ndinda. Yakapata joto, yakaanza kutoa mapovu madogo.

"Mzee, iko wapi?"

"Inapanda," Baba akasema, kwa shida.

"Pole pole ama inaruka?"

"Pole pole."

Maji yakachemka. "Na sasa?"

"Iko kwa nyekundu."

Mama Ndinda akapiga makofi. "Aiya! Hata sufuria yangu inajulikana!" Akamwaga maji baridi ndani, Baba akasema inashuka. Basi geji ilikuwa nzima na kidude kilikuwa kizima, kila mtu ameona.

Kimanzi akatoa waya wa betri, akaingia kichwa chini ya dashibodi. Nilitazama miguu yake imetokeza mlangoni, mahali pale pale ilipokuwa miguu ya Baba. Akavuta kitu taratibu, akatoka na kipande cha waya bado kimeshikana na gari, akakiinua juu kwenye jua. Ngozi ya waya ilikuwa imekatwa kwa kisu mpaka shaba inang'aa. Gari likiruka, shaba hiyo inagusa chuma, na sindano inapiga kelele bure. Lakini haikuwa imekatwa ovyo. Ilikuwa mistari miwili imelala, na mmoja umeikata mshazari.

Hakuna aliyeuliza ya nani. Kathonzweni nzima ilikuwa imeiona alama hiyo juu ya miti, ubavuni mwa ng'ombe, kwenye mpini wa jembe. Mama Ndinda ndiye aliyesema, pole pole, "Mzee, hii si ya kwenu?"

Baba alishika usukani kwa mikono miwili, gari likiwa limesimama. Mwaitu alikivuta kile kitambaa chake cha maua kutoka kwenye dashibodi akakiweka mapajani.

Kimanzi alifunga tepu juu ya ile alama, tabaka juu ya tabaka, akarudisha kidude kwenye injini, akajaza maji, akakaza skrubu moja baada ya nyingine kama alivyokuwa ameahidi. Akajaribu kwa mkono kama geji inatikisika. Haikutikisika. Akauegemeza ufagio vizuri kwenye ukuta wa kibanda.

"Fundi," Baba akasema. "Kunywa chai kwanza." Halafu, kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo tena, "Fundi. Kaa."

Kimanzi alibeba kisanduku chake begani. Alipita zizi la mnada, akapita kanisa letu, akashika njia ya mto, wala hakugeuka, na hakurudi tena.