Niliacha digrii ya sanaa nikaenda kozi ya usonara, na pete ya bibi harusi wa Bukavu ndiyo iliyoniamulia

Wakuu, salama? Mliokula na msiokula, karibuni.

Naona vijana humu wanauliza: ukitaka kuishi kwa vito, usome digrii ya sanaa au uende kozi ya ufundi? Sina utaalamu wa kushauri. Nina yaliyonikuta tu, na sitaongeza chumvi.

Mimi ni binti wa sonara, Kamembe, huku Rusizi, mpakani na Bukavu. Nilipomaliza sekondari nilipata nafasi ya digrii ya sanaa, na nafasi ya kozi ya kutengeneza vito. Nilitakiwa kuchagua moja, na nilikuwa na wiki sita.

Moyoni nilishachagua digrii. Nilikuwa nachora, jamani! Walimu walinisifu mpaka kichwa kikavimba.

Ndipo akaja Maman Nsimire, mfanyabiashara kutoka Bukavu, na hereni za marehemu mama yake. Alitaka ziyeyushwe, itoke pete ya ndoa ya binti yake.

Kwetu dhahabu ya mteja huyeyushwa mbele ya macho yake, asiondoke na wasiwasi. Akakaa, akatazama mpaka mwisho.

Dizaini ilikuwa yangu. Ua la petali saba zilizoinuka, kila moja na uwazi chini yake. Papa, yaani baba yangu, akautazama mchoro, akakuna kidevu, akaitengeneza vilevile. Ilipendeza, siwadanganyi.

Wiki tatu baada ya harusi Maman Nsimire akarudi, pete ikiwa ndani ya leso. Hakusalimia.

"Bugali inaingiaka mu maua! Mutoto anatoshaka pete kila saa ya kula. Sasa mama mukwe yake anauliza: huyu bibi anatosha pete juu ya nini, hapendi bwana?"

Yaani ugali unanasa chini ya petali, binti anaivua pete kila mlo, na mama mkwe anadhani hampendi mumewe. Wakuu, niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Mimi mwenyewe nakula kwa mkono kila siku, na sikulifikiria hilo hata mara moja. Ndoa changa inasemwa kwa sababu ya mchoro wangu!

Akaiacha pete, akasema atarudi Jumamosi. Nikamgeukia Papa.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukanyamaza?"

"Ningekuambia, ungesema mzee anaonea masomo yako wivu. Sasa umeambiwa na kidole ya muntu."

Nilikasirika, siku mbili sikumsemesha. Hata leo nasema alikosea: ndoa ya mtu si ubao wa kufundishia.

Siku ya tatu nikakaa kwenye meza yake nikajaribu kuuziba ule uwazi mwenyewe. Moto ukazidi kidogo tu, petali mbili zikawa donge. Dhahabu ya marehemu! Nililia. Papa akasema hatufichi, mwenyewe ataambiwa.

Jumamosi nikamwambia mimi. Maman Nsimire akavuta kiti.

"Yeyusha tena. Naangalia."

Papa alisimama nyuma yangu akinielekeza, ila mikono ilikuwa yangu. Ilitoka pete ya duara, laini, ua limechorwa juu juu tu. Ilichukua tangu asubuhi hadi alasiri.

Mama yule hakusifu. Aliagiza bugali na sambaza, vile visamaki vya ziwani, kwa jirani, akaivaa pete mwenyewe, akala sahani nzima. Akanawa, akageuza kidole kwenye mwanga. Pete ilikuwa safi. Akaifunga kwenye leso, akaniita "fundi", akaondoka.

Jumatatu niliandika barua ya kuachia nafasi ya digrii. Iliniuma, na kuna siku bado inauma nikiona kazi za waliosoma.

Nilichojifunza: darasani michoro yangu ilipigiwa makofi, na hakuna aliyeniambia nimekosea. Kama utapata nafasi moja tu, anzia pale ambapo kosa lako litarudi mezani kwako.

Wenye digrii mnaopinga, njooni, sitanuna. Ila mniambie kwanza: kazi yako ya mwisho, kuna mtu ameshaivaa akala nayo ugali?