Mjomba Aliyekwenda Kwenye Intavyuu

Enzi zetu kule Mkunya, mtu hakuomba kazi. Kazi ndiyo iliyomwita mtu. Ukimaliza chuo unarudi nyumbani, unaokota korosho, unakula mizizi ya ming'oko aliyochemsha mama, na siku moja serikali inakupangia kituo. Hakuna aliyekuuliza wewe ni nani. Sisi wadogo, tuliokwenda shule na kidumu na mfagio mkononi, tuliamini dunia itabaki hivyo hivyo mpaka kiama. Hata kwenye mchezo wa kombolela tulibishana nani atapangiwa wapi.

Kisha ikaja enzi ya ruksa, biashara ikafunguliwa. Mitumba ikajaa gulioni Newala, sabuni za kunukia zikarudi madukani, wanunuzi binafsi wakapandisha malori kutafuta korosho zetu. Na kule kupangiwa kazi kukaisha kimya kimya, bila mtu kutuaga. Dada yangu Somoe, aliyetoka kusomea ukarani na kupiga taipu, alikaa nyumbani msimu mzima akingoja kituo kisichokuja. Wenzake waliokuwa wakishuka naye bondeni kuteka maji wakaanza kumuuliza vile vyeti vyake huwa anaviunga kwa nazi au kwa karanga. Alicheka nao, lakini usiku nilimsikia akilia.

Ndipo zikaja habari kwamba kampuni moja ya korosho kule Masasi inatafuta karani, na inamtaka Somoe kwenye intavyuu. Neno hilo lilituvuruga nyumba nzima. Baba alisema ni kuulizwa maswali. Bibi akataka kujua mtoto amekosa nini, maana alivyojua yeye, wanaoitwa na kuulizwa maswali ni wezi na wagoni. Mama aliposikia kuna watu wazima wanataka kumjua binti yake, akili ilimpeleka kwenye posa. Walikubaliana jambo moja tu: kwetu Wamakonde mtoto ni wa mjomba, na binti haulizwi habari zake na watu baki ilhali mjomba wake yu hai. Basi Mjomba Bakari, kaka yake mama, akanyoa ndevu, akavaa koti lake la Idd, wakapanda lori pamoja kwenda Masasi.

Yaliyotokea humo ofisini Dada ametusimulia mara nyingi. Wakubwa wa kampuni walimkaribisha kwa heshima, wakamwambia aeleze kuhusu yeye mwenyewe. Dada akainamisha macho kama alivyofundwa unyagoni, na Mjomba akakohoa kidogo, akaanza. Alieleza ukoo wetu ulikotoka, akaeleza kwamba hakuna mwizi wala mchawi, na kwamba binti huyu hajawahi kumjibu mkubwa. Wale wakubwa wakamsikiliza, kisha wakasema wangependa kumsikia binti mwenyewe.

"Mjomba ameshasema," Dada akajibu.

Mjomba akaombwa akae nje. Dada akabaki peke yake, akaulizwa kwa nini wamchukue yeye wawaache wengine. Alifikiri sana, kisha akasema hana analolijua kuhusu hao wengine, hawezi kuwasema vibaya. Na kuhusu yeye mwenyewe, alikumbuka maneno ya mama tuliyoyasikia kila siku: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Akanyamaza ili ajiuze.

Hakununuliwa. Kazi alipewa binti mwingine, aliyekuja peke yake na kujieleza kama redio. Dada aliolewa Chiungutwa, akashona nguo kwa cherehani, na sikumsikia tena akitaja taipu. Iliniuma, na bado inaniuma. Mjomba Bakari yeye hakukasirika, alichanganyikiwa tu. Mpaka anazeeka aliuliza kila mgeni msomi aliyepita: "Mtu akijisifu mwenyewe, shahidi wake nani?" Wengi walicheka.

Nami sasa ni mtu mzima, na neno lile intavyuu linazidi kunipoteza. Kitoto cha jirani, bado kinakojoa kitandani, kimepelekwa intavyuu ya chekechea. Vijana waimbaji wanafanya intavyuu asubuhi kumtukana mtu, na jioni wanafanya nyingine kumwomba radhi mtu huyo huyo. Usaili wa kazi moja unajaza watu uwanjani utadhani kuna mechi. Sisi hata kujitaja jina mbele ya wakubwa tulitetemeka. Vijana wa leo wanajipigia debe kama makonda.

Juzi Neema, binti yake Dada Somoe, alikuja kwangu kwa sababu ya intaneti. Intavyuu yake ilikuwa kwenye kompyuta, chumbani, mlango umefungwa. Aliniambia kwa adabu, "Mjomba, shikamoo, naomba usipite nyuma yangu, utaonekana." Nilimwitikia marahaba, nikamuuliza kama hawa waajiri wa siku hizi hawahitaji mtu wa kumsemea mwombaji. Akasema wanahitaji, tena watatu, wanaitwa wadhamini. Nikajiweka sawa. Nikamuuliza mbona mimi sikuambiwa.

"Ndugu hawaruhusiwi, mjomba," akasema, na mlango ukafungwa.

Nilivuta kiti nikakaa kando ya mlango. Sijui kwa nini nilikuwa nimevaa koti, na joto lote lile. Ndani nikasikia sauti ya mgeni ikimwambia aeleze kuhusu yeye mwenyewe. Mtoto niliyemjua tangu yuko tumboni. Nikakohoa kidogo, nikasafisha koo. Lakini Neema alikuwa ameshaanza.