Wazima wa Busunzu

Naikumbuka siku moja kule Busunzu, mwanangu, Kakonko ikiwa bado ndani ya wilaya ya Kibondo na mimi bado nina nywele. Nilitumwa kuuliza nyumba kwa nyumba kama kuna mtoto anayeumwa homa. Majibu yale ndiyo yangeamua kama kata itaongezewa dawa za malaria.

Ujana maji ya moto. Nilikwenda mbiombio, nikiuliza nimesimama mlangoni, na kila nyumba ikanijibu: "Wazima, tunashukuru." Hata Mama Odeta, aliyekuwa akimenya mihogo uani, alisema hivyohivyo. Jioni nikapita zahanati, nikakuta mabenchi yamejaa watoto wanaochemka homa. Nikachanganyikiwa. Hawa wametoka wapi?

Kesho yake nikarudi na Bi Asha, muuguzi aliyehamia kutoka Tanga, kabeba mkoba wake. Mungu wangu! Nyumba zilezile, sasa wote wakajibu ni wagonjwa. Mzee mmoja niliyemuuliza habari za wajukuu alinionyesha goti lake. Sasa nishike lipi? Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Kuhusu kujibiwa namna hii walinyamaza.

Mama Odeta hakuwepo. Tulimkuta zahanati, mwanawe mdogo mapajani, ndiyo kwanza katoka kwenye degedege. Nikachuchumaa mbele yake.

"Mama, mbona jana uliniambia wazima?"

"Ewe mwana, ulikuwa mgeni. Hata maji hujanywa, nikuanzie na shida?"

"Na hawa wa leo?"

"Wameona mkoba wa dawa."

Mtoto alipona, namshukuru Mungu. Mimi nilipeleka majibu yote mawili, na mkubwa wangu akanitazama kama mlevi. Dawa zilikuja, chache. Wagonjwa wa kweli walikuwa wangapi, mpaka leo sijui, na jambo hilo bado linaniuma.

Basi mwanangu, wewe unayekwenda Heru Juu na kishikwambi chako kuuliza nyumba kwa nyumba, kaa kwanza. Ukipewa maji, unywe, zungumzeni habari za maharage, ndipo uulize. Sema mapema kwamba hukubeba dawa. Majibu yakigongana na unayoyaona zahanati, usichague yanayokupendeza. Rudi ukaulize tena, haraka haraka haina baraka. Na ukimkuta mtoto ana homa, funga kishikwambi, msaidie mama yake afike zahanati. Maswali yatasubiri.

Nenda salama. Mungu akupe subira na masikio mapana, na kila nyumba utakayobisha hodi, uwakute watoto wake wanacheza nje.