Ijumaa, Saa Saba Mchana

Kwa miaka kumi na moja kazi yangu ilikuwa kuondoa magugu maji. Pale ziwa linapoingia kwenye bomba kubwa la kituo chetu kuna wavu wa vyuma, na kila asubuhi tulikuta upepo umeshaleta mzigo wake: magugu, vipande vya nyavu, chupa za plastiki, ndala za mguu mmoja. Tulikuwa watu sita. Tulivuta kwa reki ndefu mpaka maji yapite, tukajaza toroli, tukasukuma. Watu wa mjini walipofungua bomba na kuona maji hawakujua habari zetu, na hilo halikunisumbua. Kumnywesha mtu maji ni sadaka, na mimi nilipata riziki yangu kwa kufanya sadaka. Nilimshukuru Mungu kwa hilo na bado namshukuru.

Kituo kilikuwa cha serikali, lakini sisi hatukuwa wa serikali. Tulikuwa wa wakala, yaani kampuni iliyopewa zabuni ya kuleta wafanyakazi. Kampuni zilibadilika, nasi tukabadilishiwa fulana: kwanza za kijani, kisha za bluu, kisha za rangi ya chungwa. Kila fulana ilikuja na mkataba wa mwaka mmoja, tukasaini kana kwamba ndiyo kwanza tumefika. Lakini reki zilikuwa za serikali. Msimamizi aliyetupangia zamu alikuwa mtu wa serikali, na daftari la mahudhurio lilikuwa lake, akiligonga mhuri kila mwisho wa wiki. Tulisaini mara tatu kwa siku: saa moja asubuhi, saa saba mchana na saa kumi na moja jioni.

Aibu ninayoiandika hapa imo ndani ya daftari hilo.

Kati yetu sita, Mwislamu nilikuwa peke yangu. Watano walikuwa Wakristo, Wakatoliki na Walutheri. Mwaka ule wa kwanza, Ijumaa moja, mama mmoja wa Misungwi aliniona natazama saa mara kwa mara. Alikuwa mdogo kwangu kwa karibu miaka ishirini, na tangu siku ya kwanza aliniita baba.

"Baba, nenda ukaswali," akasema. "Wavu nitaushika mimi. Na daftari nitakusainia."

"Msimamizi je?"

"Twende tukamwulize. Hang'ati."

Msimamizi alitusikiliza bila kuinua kichwa kwenye karatasi zake. "Pangeni wenyewe," akasema. "Mimi ninachotaka wavu usikae bila mtu. Lakini mkija kunigombania hapa nani wa peponi na nani wa motoni, nawatoa wote, mkamalizie nje ya geti."

Tukacheka, na toka siku hiyo ukawa utaratibu wetu. Ijumaa saa saba mama yule alinisainia. Jumapili asubuhi niliwasainia wao watano, wakaenda ibada ya kwanza, nami nikavuta magugu peke yangu mpaka waliporudi kama saa tatu. Nilizipenda Jumapili zile. Niliona tunasaidiana kumwabudu Mungu, na sikuona ubaya wowote. Msimamizi alijua, na mhuri wake aliugonga palepale juu ya saini zetu.

Yeye mama aliiga saini yangu mpaka mimi mwenyewe nisingeweza kuitofautisha. Mimi sikuwahi kuiga ya mtu. Niliandika majina yao kwa mwandiko wangu, tena kwa kalamu ya wino wa kijani niliyokuwa nasahihishia madaftari ya watoto wa madrasa, kule Mirongo ninakoishi. Sikuwa na wazo kwamba kuna la kuficha.

Mwaka wa kumi na moja ikaja kampuni nyingine, ikasema ina watu wake. Tulikuwa tunatolewa. Tukaenda kwa wakili, naye akatusikiliza siku nzima. Akasema tuna hoja: kama reki, zamu, amri na daftari vyote ni vya serikali, basi mwajiri wetu wa kweli ni serikali, na wakala ni pazia tu. Tuiombe mahakama ilifunue pazia hilo, tupewe ajira ya kudumu. Ushahidi mkubwa ungekuwa lile daftari.

Siku hiyo tukiwa nje ya ofisi ya wakili, nilimwuliza mama wa Misungwi atafanya nini akiipata barua ya ajira. Hakusema kujenga, wala kununua chochote.

"Nitaugua," akasema. "Baba, miaka kumi na moja sijaugua hata siku moja. Nimekuja hapa na malaria, nimekuja na mtoto tumboni mpaka wiki ya mwisho. Nataka niugue kama watu wengine, nilale, halafu nirudi nikute kazi yangu ipo."

Shahidi wa kuelezea daftari walinichagua mimi. Mwenzetu mmoja wa Bukoba, mtu wa maneno mengi, alisema, "Mzee ndiye mwenye sura ya kuaminika. Sisi wengine tukiapa, jaji ataomba tuape tena." Wote wakakubali. Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilipiga pasi kanzu yangu mwenyewe.

Nilisimama kizimbani, nikashika Msahafu, nikaapa kwa jina la Mungu kusema kweli. Wakili wetu aliniuliza habari za reki na zamu, nikajibu vizuri. Kisha akasimama wakili wa upande wa serikali, mtu mpole, akaja na daftari.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba."

"Hizi saini za Jumapili asubuhi, kwa watu hawa watano, zote ni za wino wa kijani, na mwandiko ni mmoja. Kalamu hii ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Kwa hiyo uliwasainia watu ambao hawakuwepo."

"Walikuwa kanisani. Walirudi."

"Nani aliwaruhusu?"

Hapo ndipo nilipokuwa na jibu lililokuwa kweli, na ambalo lingetuokoa wote sita. Ningesema: msimamizi wa serikali alituruhusu, kwa kinywa chake, na mhuri wake ni huo hapo. Wakili wetu ameniambia baadaye kwamba hakuna ushahidi ambao ungeonyesha vizuri zaidi nani alikuwa bosi wetu. Msimamizi mwenyewe alikuwa ameshahamishiwa mkoa mwingine, na hakuna aliyemwita. Kauli ilikuwa yangu peke yangu. Lakini niliona mbele ya swali hilo kuna jingine: kama aliruhusu Jumapili, na Ijumaa je? Ijumaa ilikuwa yangu. Saini yangu ilikuwa imeigwa kwa wino wa bluu kama wa wengine, na hakuna aliyeigundua. Nilikuwa na miaka hamsini na saba. Ilibaki mitatu tu nifikie umri wa kustaafu, na niliitaka ile barua. Wala sikuwa na njaa, siwezi kusema ilikuwa njaa. Nilitaka nistaafu kama mtumishi wa serikali, niitwe hivyo. Na sikutaka mwalimu wa dini aonekane kwenye daftari la udanganyifu.

"Tulipanga wenyewe," nikasema.

"Na wewe, mzee, Ijumaa saa saba ulikuwa unakwenda wapi?"

Mama wa Misungwi alikuwa amekaa benchi la mbele. Sikumtazama.

"Nilikuwa kazini."

"Kila Ijumaa?"

"Kila Ijumaa."

Akanishukuru, akakaa.

Hukumu ilisomwa baada ya miezi. Jaji alisema kituo kilitusimamia kweli, lakini waombaji watano waliosainiwa na mwenzao bila ruhusa ya msimamizi hawawezi kulitegemea daftari hilo. Maombi yao yakatupwa. Mwombaji mmoja tu, ingawa alikosea kuwasainia wenzake, ndiye ambaye kumbukumbu zake mwenyewe zilionekana safi kwa miaka yote kumi na moja, naye aajiriwe. Nilikuwa mimi.

Kwenye korido wenzangu walinipita. Yule wa Bukoba alisimama kidogo. "Hongera, mtumishi," akasema. "Ukivaa fulana ya serikali utusalimie." Mama wa Misungwi ndiye alikuja wa mwisho, akainama kama siku zote.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Halafu nikamwuliza. "Mbona hukusimama ukasema?"

"Nilikuwa nasubiri uirudie kauli yako mwenyewe," akasema. "Nilidhani umekosea. Nikasema, baba ataomba ruhusa, atarekebisha. Ukashuka." Akajifunga khanga vizuri, akaondoka.

Msikitini habari ilinitangulia. Mtu mmoja tunayeswali naye safu moja aliniita mbele ya wenzake. "Ustadhi, tumesikia umeapa mahakamani kwamba Ijumaa unakuwaga kazini. Sasa yule anayekaa pembeni yangu miaka yote hii ni nani, jini?" Wakacheka sana. Nami nikacheka nao. Hakuna kicheko changu ninachokijutia kama kile.

Barua ya ajira ilipokuja niliiweka ndani ya mfuko wa nailoni isilowe. Nilirudi kwenye wavu uleule, na reki ileile, kati ya watu wapya wa fulana mpya. Ijumaa ya kwanza ikafika. Saa sita na nusu nikasikia adhana kutoka upande wa mjini, nikainuka kwa mazoea, nikafika karibu na geti. Hapo nikasimama. Niliapa kwamba huwa sitoki. Mlinzi akiniona natoka? Mtu wa ofisini akiuliza? Nikarudi, nikasaini saa saba kwa mkono wangu mwenyewe, nikaswali adhuhuri peke yangu nyuma ya chumba cha mashine.

Ijumaa ya pili nikafanya hivyohivyo. Na ya tatu.

Kila anayepita madrasa yangu anajua nilivyokuwa nikisema juu ya mtu mzima mwenye afya anayeacha Ijumaa tatu mfululizo, kwamba moyo wake hupigwa mhuri. Niliyasema kwa ukali kuliko ilivyohitajika. Sasa nilikuwa nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, ndevu zimeniota mvi, naanza kuuishi uongo wangu ili usionekane ni uongo. Mahakamani nilidhani nimeficha kosa dogo. Kumbe nilichokificha ndicho kitu chema kuliko vyote nilivyowahi kufanya pale: kwamba kwa miaka kumi na moja nilikwenda kuswali, na Mkristo akanishikia kazi yangu mpaka nikarudi.

Kesho yake nilikwenda sokoni Mkuyuni. Mama wa Misungwi alikuwa anauza dagaa, anapima kwa kopo, macho mekundu na pua imeziba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Unaumwa."

"Mafua tu. Dagaa hawajui kusubiri." Akamwongezea mteja konzi moja, akamaliza naye. "Karibu. Unataka wa elfu ngapi?"

"Sijaja kununua." Nikamweleza yote palepale nimesimama, habari ya geti, ndoo, na Ijumaa tatu. Nikamwambia nimekosa mbele ya Mungu na mbele yake.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akafuta mikono.

"Baba, mimi si wa kuungamiwa. Mimi nauza dagaa. Nimekusamehe zamani, la sivyo nisingekusalimia. Lakini msamaha wangu hauwezi kupelekwa mahakamani. Rufaa yetu ipo kwa wakili, na kila siku anatuambia kitu kimoja: tumekosa mtu wa kusema msimamizi alijua. Sisi hatutaaminika, shahidi wa daftari ulikuwa wewe."

"Nikisema, watanifukuza."

"Na mimi si nimefukuzwa?" Hakusema kwa hasira. Alikuwa ananiuliza kweli, kama mtu anayetaka kujua tofauti yetu iko wapi.

Jumatatu nilikwenda kwa wakili na kanzu isiyopigwa pasi. Alinisikiliza, akavua miwani. Akaniambia mambo mawili. La kwanza, kusema uongo baada ya kuapa ni kosa la jinai, na umri wangu hautanikinga. La pili, hana ahadi yoyote ya kunipa: mahakama ya rufaa inaweza kukataa kabisa kupokea maelezo mapya, nikawa nimepoteza barua yangu na wale watano wasipate kitu.

"Umenielewa, mzee?"

"Nimekuelewa."

"Bado unataka?"

Nilisema nataka. Ningependa kuandika kwamba nilijisikia mwepesi, lakini haikuwa hivyo. Nilikuwa naifikiria ile barua kwenye mfuko wake wa nailoni. Mpaka leo ninapoandika haya rufaa haijasikilizwa. Ninasubiri pamoja nao, ingawa sistahili kusema "pamoja". Yule wa Bukoba tukikutana ananisalimu kwa kidevu. Na hicho nakishukuru.

Karani wa wakili aliandika maelezo yangu yote, kurasa nne. Alipomaliza akafungua kitabu chake cha miadi. Maelezo yale yalitakiwa nikayaapie mbele ya ofisa anayeshuhudia viapo, ambaye hufika pale siku chache tu kwa wiki.

"Mzee, ana nafasi Ijumaa," akasema. "Saa saba mchana. Utaweza?"

"Hapana, mwanangu," nikasema. "Ijumaa saa saba nakuwa msikitini."

Akacheka kidogo, akidhani namtania baada ya kurasa nne alizoandika. Mimi sikucheka. Nilimsubiri mpaka alipochukua kalamu, akatutafutia siku nyingine.