Fulana Sitini za Kusimika Msalaba

Jumatatu, saa nne kasoro dakika saba asubuhi, dada yangu mkubwa alinipigia simu kutoka kijijini kwetu Igowole. Familia ilikuwa imekubaliana kwamba msalaba wa mdogo wetu wa mwisho, aliyefariki mwaka uliotangulia kwa ugonjwa wa ini, usimikwe kaburini Jumamosi ya wiki iliyofuata. Mchungaji alikuwa na nafasi siku hiyo tu. Ng'ombe alikuwa amepatikana. Zilibaki fulana, na kwa kuwa mimi nina fremu, duka dogo la kuchapa nguo na mabango, Mbeya, fulana zilikuwa juu yangu.

"Sitini," alisema dada. "Ukoo utachanga, utarudishiwa gharama. Ila azitengeneze yule binti yako. Kila siku tunaambiwa ana kipaji, sasa na sisi tukione."

Zamani kwetu ibada ya namna hiyo ilitosha kuwa na kwaya, mchungaji na chakula. Baadaye wanawake wakaanza kushona sare za kitenge. Siku hizi bila fulana yenye picha ya marehemu kifuani watu huona kama familia haikujiandaa. Mimi silaumu, maana nimekula kwa kazi hiyo miaka mingi. Niliishia darasa la saba; uchapaji nilijifunza kwa kuharibu vitambaa na kuandika kila kosa kwenye daftari ili nisilirudie.

Binti yangu wakati huo alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Alikuwa amesoma usanifu wa picha chuoni kwa miaka miwili, mengine akajifunza kwenye simu, na alikuwa anakaa kwenye kompyuta nyuma ya fremu yangu. Alikuwa na maoni juu ya kila kitu kilichochapwa. Wasanii wa muziki wa mjini walipoleta picha za kutangaza nyimbo zao, aliwahudumia kwa heshima, wakiondoka ananigeukia.

"Baba, angalia hii. Moshi, simba, cheni ya dhahabu. Ukifuta jina, huyu anaweza kuwa wa popote duniani. Amezaliwa hapa hapa kwenye baridi, anaimba ufukweni."

"Anauza," nilimjibu.

"Anajificha kwenye moshi."

Mwaka huo ulikuwa wa kampeni, kwa hiyo mabango ya wagombea nayo yalipita mikononi mwetu, ya vyama vyote, kwa bei moja. Aliyapanga ukutani akayatazama.

"Wote wanaangalia juu kushoto. Huko juu kuna nini?"

"Wanaangalia mbele."

"Mbele si juu, baba. Mbele kuna mashimo ya barabara."

Nilicheka, halafu nikamwambia apunguze sauti, kwa sababu mteja alikuwa mlangoni.

Jambo ambalo hakulifanyia utani ni asili yake. Mama yake ni Mnyakyusa, mimi ni Mhehe, nyumbani tunaongea Kiswahili. Mama yake akipigiwa simu na ndugu zake huhamia Kinyakyusa, mimi nikipigiwa na wangu huhamia Kihehe. Siku moja alituambia mezani, "Nyumba hii ina lugha mbili na zote zinaongea na simu." Akienda kwa wajomba zake huitwa Mhehe. Akienda Igowole huitwa Mnyakyusa. Hakuna aliyekuwa anamtukana. Ilikuwa namna ya kumtambulisha tu. Lakini niliona kwamba kila aliporudi kutoka upande wowote alikaa kimya siku mbili.

Mtu mmoja tu wa upande wangu alikuwa akimpigia yeye mwenyewe simu, si kupitia kwangu. Ni huyo marehemu, baba yake mdogo, aliyekuwa anafanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha kupasua mbao Mafinga. Alikuwa anaanza na salamu yetu, "Kamwene," kisha anasubiri mpaka ajibiwe sawasawa. "Umejibu kama mtalii," alimwambia. "Rudia." Baada ya hapo walibishana mpira. Walishabikia klabu moja na bado walibishana, kila Jumapili jioni, kuhusu nani apangwe mbele na kocha gani afukuzwe. Alipofariki, binti yangu aliendelea kuacha simu mezani Jumapili jioni kwa muda fulani, halafu akaacha.

Kwa hiyo nilielewa kwa nini alizichukulia zile fulana kwa uzito. Ilikuwa mara ya kwanza ukoo wangu kumwomba yeye kitu, na alitaka aende Igowole akiwa na kitu mkononi. Aliondoa mawingu, njiwa na mishumaa ambayo wateja hudai. Uso wa baba yake mdogo aliuchora kwa mistari, akauzungushia mapambo yaliyofuata msuko wa vikapu vya kwetu. Mgongoni, badala ya maneno ya kumtakia marehemu pumziko, aliweka ile salamu. Rangi alichukua za klabu yao.

Klabu hiyo na chama kimoja cha siasa vina rangi zinazofanana. Kila Mtanzania anajua, sina haja ya kuvitaja. Yeye pia alijua.

"Watu wanajua kutenganisha mpira na siasa," alisema. "Rangi haina mwenyewe, baba. Tukiogopa kila rangi iliyochukuliwa na mtu, tutabaki na nyeupe."

Ambacho hakukijua ni kwamba baba yake mdogo, kwa chaguzi mbili, alikuwa wakala wa chama cha upande wa pili kwenye kituo cha kupigia kura. Alikaa pale bila kula tangu alfajiri mpaka matokeo yabandikwe, na kuna ndugu ambao hawakumsalimia mwaka mzima kwa ajili hiyo. Fulana za klabu alizivaa siku za mechi tu, na hata hapo alimwahi kila mtu kwa kusema, "Hii ni ya mpira, msije mkanielewa vibaya." Mambo hayo hatukuyazungumza mbele ya watoto.

Mimi nilijua. Nilikagua jina la marehemu herufi kwa herufi, nikakagua miaka, nikakagua idadi ya kila saizi, nikapima umbali kutoka kola hadi picha. Jumatano, nikiwa nachanganya wino, lile jambo la chama lilinijia wazi kabisa. Nikafikiri: amekufa, mwaka umepita, nani atakumbuka. Tena skrini za kuchapia zilikuwa tayari, na binti yangu alikuwa anaimba peke yake kule nyuma, jambo lililokuwa adimu. Niliendelea kuchanganya wino.

Tulifika Igowole Ijumaa jioni na fulana zetu kwenye viroba viwili. Jumamosi asubuhi kulikuwa na ukungu na baridi kali, watu wakazivaa juu ya masweta, zikawabana. Dada yangu aligeuza yake mbele na nyuma, akasoma mgongo, akasema, "Kumbe anajua na kwetu." Binti yangu aliinamisha kichwa, lakini nilimwona anatabasamu. Mjane aliiangalia fulana yake kwa muda mrefu. Alipitisha kidole kwenye uso wa mume wake. Kisha akaivaa, na mimi nikajiambia kwamba nilikuwa nimehofu bure.

Msalaba ulisimikwa, mchungaji akabariki kaburi, kwaya ikaimba. Tulikuwa tunarudi kutoka makaburini kwenda nyumbani kwa chakula wakati gari la mgombea udiwani lilipoingia uani. Msimu wa kampeni hakuna msiba wala harusi inayopita bila mgombea, na kumfukuza mgeni kwenye shughuli kama hiyo hakuwezekani. Alikuwa wa kile chama chenye rangi zile. Alishuka, akaona uwanja mzima umevaa rangi zake, uso wake ukang'aa.

"Jamani! Mmenifanyia jambo kubwa," alisema, akaanza kushika mikono.

Hakuna aliyemjibu kwa haraka. Kijijini kwetu mtu hasahihishwi mbele za watu, hasa akiwa mgeni. Alitoa rambirambi kwenye bahasha, akamweka mjane katikati na sisi pembeni, mtu wake akapiga picha tatu. Aliondoka kabla chai haijapoa.

Hazikupita dakika ishirini. Mwanamume mmoja mwenye kofia ya sufu, aliyekuwa wakala pamoja na mdogo wangu, aliinuka kwenye benchi la jamaa zake wa chama, akamfuata mjane akiwa na simu mkononi.

"Shemeji, hongereni."

"Hongera ya nini?"

"Mmehamia. Si hii hapa, mmetangazwa."

Picha ilikuwa imesambazwa kwenye kundi la kata. Chini yake waliandika kwamba familia ya marehemu imeona mwanga. Marehemu alitajwa kwa jina, na kazi yake ya uwakala ikatajwa pia, ili kila mtu aelewe ni mwanga gani.

"Mimi sijahamia popote," alisema mjane.

"Sasa hilo utamwambia nani, shemeji? Umesimama katikati, umevaa, kaburi la mwenzetu lina saa moja tangu libarikiwe." Hakusema kwa ukali. Aliwageukia wenzake. "Twendeni. Tumemzika mara ya pili leo." Walikuwa tisa. Waliondoka bila kula, na kwetu watu kuacha chakula cha shughuli hiyo ni maneno mazito kuliko matusi.

Mjane aliingia ndani. Alipotoka alikuwa na sweta tu. Fulana aliikunja vizuri, akaiweka juu ya kiti cha plastiki karibu na miguu yangu. Mmoja baada ya mwingine, watu wakaanza kuvua.

Dada yangu alisimama katikati ya ua. "Nani alichagua rangi hizi?"

Nilikuwa na nafasi. Nimehesabu baadaye, nadhani ilikuwa kama sekunde tano au sita, muda wa kutosha kabisa kwa mtu mzima kusema maneno mawili.

"Mimi, shangazi," alisema binti yangu.

"Hukujua baba yako mdogo alikuwa nani?"

"Nilijua anapenda mpira."

"Mpira!" Dada alinigeukia. "Na wewe? Wewe si ndiye mwenye mashine? Hukuziona?"

Watu wote wakanitazama. Binti yangu pia alinitazama, na alikuwa ananitazama kama mtu anayesubiri mwenzake amalizie sentensi.

"Mimi nilikagua maandishi," nilisema.

Kwenye maandishi hakukuwa na kosa hata moja.

Hasira ikamwishia dada, ikaja huruma, na huruma ndiyo iliyoharibu zaidi. Alimshika binti yangu begani. "Basi, mwanangu, yaishe. Wewe mtoto wa Kinyakyusa, ungejuaje ya kwetu."

"Sawa, shangazi," alisema.

Alikwenda kuosha vyombo na wanawake wengine. Nilimwona kwa mbali, mikono iko kwenye maji ya majivu, wenzake wanaongea Kihehe na yeye anacheka pale wanapocheka. Jumapili walitukabidhi fulana hamsini na mbili kwenye viroba vilevile, nyingine zikiwa zimefuliwa na bado mbichi. Nane hazikuonekana. Sikuuliza habari za mchango wa ukoo, na hakuna aliyenitajia.

Njiani kati ya Mafinga na Mbeya nilijaribu.

"Nilitakiwa niseme. Nilijua habari za chama. Nilijua tangu Jumatano."

Alikuwa anaangalia misonobari dirishani. "Niliona ulivyosimama na ule wino muda mrefu," alisema. "Nilidhani unahesabu."

"Kwa nini hukusema, pale uani, kwamba na mimi niliziona?"

"Niseme nini, baba? Kwamba wewe unajua ya kwenu?"

Hakurudia tena habari hiyo. Kazini aliendelea kuja saa mbili kamili, ila maoni yake yalikoma. Msanii akija na moshi, aliweka moshi. Mteja akitaka njiwa wawili, aliweka wawili na kuuliza kama anataka wa tatu. Mabango ya wagombea aliyatoa kwenye mashine akayafunga bila kuyatazama. Mama yake alisema mtoto amekua. Novemba alipata kazi kwenye ofisi moja ya vibali vya usafirishaji hapa hapa mjini, kujaza fomu za malori yanayokwenda Zambia. Aliniambia mshahara wake ni wa uhakika na kwamba hakuna anayemuuliza rangi.

Wiki ya mwisho kabla hajaanza kazi hiyo, aliuliza nitafanya nini na vile viroba. Nilimwambia kuna gereji ya jirani, mafundi hununua nguo kuukuu za kufutia mafuta.

"Na uso wake?"

Sikuwa nimefikiria hilo. Alichukua mkasi wa kukatia vitambaa, akaketi sakafuni, akaanza kukata. Alikata mduara kuzunguka kila uso, akiacha mapambo upande wa nje, kwa mkono uliotulia, kama mtu anayefuata mstari uliochorwa. Niliketi upande wa pili nikamwekea fulana moja moja. Ilituchukua tangu saa nane mchana mpaka saa kumi na nusu. Alizipanga nyuso zote kwenye bahasha kubwa ya kaki, akaondoka nayo, na sijui ameiweka wapi. Fulana zenye tundu kifuani nilizipeleka gereji mwenyewe. Fulana tupu, wino, skrini na nauli zetu vilikuwa vimegharimu shilingi laki tano na elfu themanini na nane. Mafundi walizipokea kwa shilingi mia tano kila moja, jumla elfu ishirini na sita. Hasara ikabaki shilingi laki tano na elfu sitini na mbili.